Mchanga wa Miaka Minne

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema na kwa hiari yangu, kwa sababu nikinyamaza atalisema mke wangu, na yeye akilisema hutia chumvi, kisha huonyesha kwa mikono.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Mtaani wananiita Cheche. Nimeshaanguka kutoka juu ya paa, nimeshabanwa vidole na geti nililolitengeneza mwenyewe, na nimeshatapeliwa na mtu aliyekuja kunipa pole kwa kutapeliwa. Dunia imenichapa, ikanifunza mengi. Kuhusu mchanga haikunifunza kitu. Somo hilo ilimwachia mke wangu.

Mke wangu huoka keki, na hana oveni. Ana sufuria moja kubwa, nzito, ya kubebwa na watu wawili, na ndani yake kuna mchanga wa kina cha vidole vitatu. Huibandika kwenye jiko la mkaa na kuifunika mpaka mchanga ushike moto. Kisha hukalisha juu ya mchanga sufuria ndogo yenye rojo la keki, hufunika tena, na juu ya mfuniko hupanga makaa. Moto kidogo chini, moto mwingi juu. Keki hutoka imejaa, imeiva rangi ya chungu kipya, na ukipita dirishani kwetu saa hiyo, utakumbuka ghafla kwamba una siku nyingi hujatusalimia.

Mchanga wenyewe si wa kuokota. Mwaka wa kwanza aliuchekecha mara tatu, akauosha mpaka maji yakatoka safi, akauanika, akaukaanga. Baada ya miaka minne ya moto ulikuwa mweusi, mkavu, laini kama unga, na ulikuwa unatunza joto kama mtu anavyotunza kinyongo.

Joto hilo alilipima kwa ndugu zangu. Sitanii. Sisi tumezaliwa sita, na mke wangu huinua mfuniko, huweka kiganja juu ya mchanga, kisha huanza kuwataja wenzangu watano, taratibu, kwa mpangilio ule ule: "Shemeji Dereva. Shemeji Mrefu. Wifi Mkubwa. Wifi Mdomo. Shemeji wa Mwisho." Mkono ukiungua kwa Wifi Mdomo, moto ndio wenyewe. Akimfikia Shemeji wa Mwisho bila kuungua, huongeza makaa. Akiungua kwa Shemeji Dereva, hupunguza. Mwaka mzima wa kwanza nilidhani anailaani familia yetu jikoni. Nilipomuuliza, alinijibu, "Mume wangu, hakuna ndugu yako hata mmoja aliyewahi kunisaidia kama dada yako huyo anavyonisaidia hapa."

Sasa, mimi na sufuria ile hatukuwa tukiiva chungu kimoja. Mimi niliiita mume mwenzangu. Miaka miwili nyuma nilimtengenezea mke wangu oveni. Nilichukua pipa la mafuta nikalikata, nikalitia mlango wa bawaba, rafu mbili, bomba la moshi, na mpini niliousugua mpaka ukawa kioo. Nilijisifu mpaka mtaa ukachoka. Keki ya kwanza iliungua upande wa kushoto, upande wa kulia ikabaki uji. Nikarekebisha. Keki ya pili ikaungua upande wa kulia. Ya tatu mke wangu hakuitia. Alilifuta lile pipa vizuri kwa kitambaa, akaniambia, "Asante, limependeza," akarudi kwenye mchanga wake. Wiki iliyofuata kuku wetu mmoja akaingia mle, akaona kweli pamependeza, akataga. Wenzake watatu wakamfuata. Tangu hapo oveni yangu ipo uani, nyuma ya kamba ya nguo, na kila siku tunafungua mlango wake wa bawaba tunaokota mayai.

Fundi akishindwa na fundi mwenzake, humpa mkono. Lakini fundi akishindwa na mchanga, ampe nini?

Basi siku yenyewe ilikuwa Jumatano. Mke wangu, mbali na keki za jirani mmoja mmoja, alikuwa anafua nguo za watu. Kila siku mabeseni mawili, matatu. Vidole vyake vilikuwa vimepasuka kwa sabuni, kiasi kwamba akikamua limau alikuwa anafumba macho. Wiki hiyo msimamizi wa kantini ya chuo cha jirani, mwanamke wanayemwita Bi Kantini, alikuwa anatafuta mtu wa kumletea keki nne kila Ijumaa. Alikuwa ameshaonja kwa waokaji wawili. Wa tatu angekuwa mke wangu, siku hiyo, saa kumi jioni, nyumbani kwetu.

"Nikiipata hii," mke wangu aliniambia asubuhi, huku amenyanyua mikono yote miwili mbele ya uso wangu kama mtu anayejisalimisha, "hili beseni nakupa wewe. Utaogea, utapandia maua, shauri yako. Mimi sitaligusa tena."

Halafu akaenda sokoni kutafuta siagi nzuri. Mkaa ulikuwa tayari, mayai manne yalikuwa kwenye bakuli, sufuria ilikuwa kwenye kona yake imefunikwa. Kazi yangu mimi ilikuwa moja tu: kutofanya chochote. Hata hiyo ilinishinda.

Alikuwa hajafika mbali nikasikia hodi. Alikuwa fundi mwashi aliyekuwa anapiga lipu ukuta wa jirani yetu, nguo nyeupe kwa saruji kuanzia kofia hadi kandambili.

"Cheche, niokoe," akasema. "Nimebakiwa na kipande kidogo mbele pale, panapoonekana na kila mtu. Nataka lipu ya mwisho, ile ya kuteleza. Mchanga wangu una kokoto, na mvua ya jana imeulowesha wote. Huna mchanga laini, hata karai moja?"

Mtu mwenye akili angesema hana. Mimi niliangalia kona, nikaiona ile sufuria imekaa imetulia, imefunikwa, kama mgeni aliyekuja kwa siku mbili akakaa miaka minne. Wivu ukanipanda. Nikajiambia ni roho ya kusaidia.

"Ninao," nikasema.

Nikatandika gunia, nikamimina. Fundi mwashi akachota kwa vidole, akausugua, macho yakamtoka. "Mzee, huu umeutoa wapi? Hii ni hariri!"

"Umekaa tu hapo, unatujazia nyumba."

"Mwenye nyumba hatasema?"

"Mwenye nyumba si mimi? Niletee karai moja la ule wako, nirudishie. Mchanga ni mchanga."

Akaleta karai lake, akashukuru, akaondoka anapiga mluzi. Nikaumimina ule wake kwenye sufuria, na kwa ukarimu wangu nikaujaza vidole vitano badala ya vitatu. Ulikuwa mwekundu na mzito, na ulikuwa na ubaridi wa kisima. Hapo ndipo nilipomsikia mke wangu pale kona ya njia, anasalimiana na mtu, anacheka. Nikatazama sufuria. Ilionekana kama mtu aliyevaa shati la mwenzake. Kwenye gunia zilikuwa zimebaki konzi mbili za ule mweusi uliomwagika. Nikazichukua, nikazinyunyiza juu mpaka wekundu ukafunikwa, nikarudisha mfuniko, nikakaa kwenye kigoda, nikachukua gazeti la mwezi uliopita.

"Mmeshindaje na mume mwenzako?" akauliza akiingia.

"Kama ndugu," nikasema.

Akawasha jiko, akabandika sufuria, akaanza kusugua siagi na sukari. Ana mkono wa kazi hiyo. Mwiko haumchoshi, yeye ndiye huuchosha mwiko. Mayai yakaingia, unga ukaingia, limau likakamuliwa, macho yakafumbwa. Kisha akainua mfuniko kupima joto. Mvuke ukamfumukia usoni. Akaweka kiganja.

"Shemeji De... aa!"

Akauondoa mkono haraka. "Leo moto umeshika upesi hivi?" akajisemea, akapunguza makaa nusu.

Kumbe ule haukuwa moto, ulikuwa mvuke wa maji yanayochemka chini ya mchanga. Na mimi nilijua. Hapa ndipo aibu yangu ilipo, kwa sababu kila asubuhi, kazini, mimi huanika rodi za kuchomelea juani kabla sijazigusa. Rodi mbichi haichomelei. Hutema, hupiga kelele, huacha matundu. Mwanafunzi wangu wa kwanza nilimfukuza kwa sababu hiyo. Lakini nilijificha nyuma ya gazeti langu, nikisoma habari za hali ya hewa ya mwezi uliopita.

Akakalisha sufuria ndogo, akafunika, akapanga makaa juu. Dakika ishirini zikapita, na nyumba hainukii keki, inanukia barabara iliyonyeshewa. Mke wangu akainua pua, akaishusha. Mara, ndani ya sufuria, *pa!*

Ilikuwa kokoto imepasuka. Akafunua. Sufuria ndogo ilikuwa imelala ubavu kama mlevi, rojo limemwagikia upande mmoja, jeupe, limelowa, na juu yake chembe za mchanga. Na pale kokoto iliporukia, ule weusi ulikuwa umetawanyika, wekundu wa chini ukawa unamtazama.

Mke wangu akikasirika kidogo hupiga kelele. Akikasirika sana huuliza maswali mafupi.

"Mchanga wangu uko wapi?"

"Upo."

"Upo wapi?"

"Karibu."

"Karibu wapi?"

"Kwa jirani."

"Kwa jirani sehemu gani?"

Nikakunja gazeti. "Ukutani."

Tulikwenda. Yeye mbele, mimi nyuma, kama mbuzi anayepelekwa mnadani na anaujua mnada. Fundi mwashi alikuwa anamalizia kusawazisha kwa mwiko wake, amerudi nyuma hatua mbili anaitazama kazi kama picha ya mchumba.

"Shemeji, karibu uone! Lipu kama hii sijapiga tangu nizaliwe. Gusa, gusa."

Mke wangu akaweka kiganja ukutani. Nikamwona midomo inacheza. Nadhani alianza kumtaja Shemeji Dereva kwa mazoea. Kisha akasema kwa upole, "Fundi, huu ulikuwa mchanga wangu wa kuokea keki."

Fundi mwashi akautazama ukuta, akautazama mwiko wake, akaunusa. "Ndiyo maana," akasema. "Tangu asubuhi napiga lipu na tumbo linaniunguruma."

"Hauwezi kurudi?"

"Umeshaoana na saruji, shemeji. Hapo labda uuoke ukuta."

Mimi nikaona ni wakati wa kuweka mambo sawa. "Mke wangu, usihuzunike, tutapata mwingine. Si mchanga tu? Mchanga ni mchanga."

Akanigeukia. "Sasa hivi saa ngapi?"

"Saa tano na nusu."

"Bi Kantini anakuja saa kumi. Chukua karai, ukakaange."

"Nikaange nini?"

"Mchanga ni mchanga, si umesema? Kaanga mpaka ufanane na wangu."

Uani kulikuwa kumejaa nguo za watu zinakauka, na moshi ungeziharibu. Kwa hiyo jiko la pili nililiweka mlangoni, nje, mbele ya macho ya mtaa mzima. Nikauchekecha mchanga kwa wavu wa dirisha, nikauosha, nikautia kwenye karai, nikachukua koleo dogo, nikakaa kwenye kigoda, nikakaanga. Mtu mzima, baba wa familia, nimekaa barabarani nageuza mchanga usiungue.

Wa kwanza kupita alikuwa mshona viatu.

"Cheche, unapika nini?"

"Mchanga."

Akachungulia. Akafikiri. "Wa kula hapa hapa, au unafunga na wa kuondoka nao?"

Nyuma yake akaja bibi wa nyumba ya tatu, mwenye fimbo. Alisimama akanitazama kuanzia kigoda hadi karai, mpaka nikadhani ameona huruma. "Mjukuu wangu," akasema mwishowe, "tia chumvi kidogo. Hata kama ni adhabu, iwe na ladha."

Wale waliopita bila kusema walirudi na wenzao waliosema. Fundi mwashi alitoka kula, akasimama nami, akanionyesha jinsi ya kutikisa karai kokoto zikusanyike juu, nikawa nazitoa moja moja. Mchanga ulitoa mvuke, ukaacha kutoa mvuke, ukaanza kuteleza kwenye koleo kama mchele. Huo huo ndio uliomo kwenye sufuria mpaka leo, na umeshaanza kuwa mweusi.

Ndani nako kulikuwa na kasheshe. Mayai manne yalikuwa yamekwenda na keki ya kwanza, na hela ya siagi ilikuwa imemaliza hela ya mayai. Mke wangu akanitokea mlangoni.

"Angalia kwenye oveni yako."

Nikaenda uani. Nikafungua mlango wa bawaba. Mayai matatu. La nne lilikuwa bado ndani ya kuku mwekundu, ambaye alikuwa amekaa kwenye rafu ya chini, amejikunyata, ananitazama kwa jicho moja kama karani wa ofisi ambaye muda wake wa kufungua dirisha bado haujafika.

Nikachuchumaa. "Mama," nikamwambia, "leo nisaidie. Najua hatujazoeana."

Akapepesa jicho.

"Vipi huko?" mke wangu akaita kutoka jikoni. "Limepatikana?"

"Bado anafikiria!"

Alifikiria mpaka magoti yangu yakafa ganzi. Alipolitoa, alitoka akapiga kelele ua mzima, kana kwamba kazi yote ya siku hiyo ameifanya yeye. Sikubishana naye.

Saa nane na robo sufuria ilikuwa tayari. Mke wangu akaweka kiganja, na mimi nikasimama mlangoni nahesabu naye. Shemeji Dereva. Shemeji Mrefu. Wifi Mkubwa. Wifi Mdo... Akauondoa mkono. Sijawahi kumpenda dada yangu kama dakika ile. Keki ikaingia, mfuniko, makaa juu. Mchanga mpya hauna mazoea. Akasema utachukua saa moja na nusu badala ya saa moja, na mtu asiufungue hata kama nyumba inaungua.

Saa tisa kamili, hodi. Bi Kantini.

Alikuwa amewahi kwa saa nzima. Mama wa makamo, ametulia, miwani inaning'inia kifuani kwa mnyororo, daftari kwapani. Mke wangu akaninong'oneza, "Kaa naye sebuleni. Muongeleshe vyuma. Ya keki usiyaguse."

Nikamkaribisha, nikampa kiti kizima, mimi nikachukua kile cha miguu mitatu na nusu. Niliongelea mageti. Niliongelea kutu. Yeye alikuwa ananusa hewa, kwa sababu keki ilikuwa imeanza kujitangaza.

"Nyumba inanukia vizuri," akasema. "Hao wawili wa kwanza, mmoja keki yake ilikuwa ngumu kama kitako cha kinu. Mwingine umeme ulimkatikia ikiwa katikati, akaniletea kitu cha kunywa kwa kijiko. Oveni yenu nyinyi ni ya umeme au ya gesi?"

Hapa ndipo nilipokuwa mjinga mara ya pili. Niliona mikono ya mke wangu ilivyopasuka. Niliona nikisema "mchanga" mama huyu atachukua daftari lake aondoke. Na tuseme kweli yote: niliona pia pipa langu, na miaka miwili ya kuchekwa.

"Ya chuma," nikasema. "Nimeiunda mwenyewe. Rafu mbili, mlango wa bawaba, bomba la moshi."

"Aa! Fundi mwenyewe ndani ya nyumba." Akavaa miwani, akaandika. "Na haisumbui?"

"Haijakosa siku hata moja."

"Inatoa ngapi kwa siku?"

"Tatu. Siku nzuri nne."

Akaandika hilo nalo, kichwa kinatikisika kwa kuridhika. Mimi nilikuwa natoka jasho, lakini nilijifariji kwamba sijasema uongo.

Saa kumi kasorobo keki ikatoka. Mke wangu aliileta kwenye sahani kubwa, imepanda sawasawa pande zote, haikuegemea popote, mgongo wake umepasuka kidogo katikati kama tabasamu. Akaiacha ipoe kiasi, akakata. Bi Kantini akala kipande cha kwanza akiwa amenyooka mgongo, kikazi. Cha pili akakila ameegemea kiti. Cha tatu akavua viatu.

"Limau," akasema, macho amefumba. "Na haikauki mdomoni. Mwanangu, wewe unajua unachofanya." Akasimama, akavaa viatu, akakiweka kipande cha nne kwenye kisahani akaondoka nacho mkononi. "Haya. Nionyeshe oveni, nimalize kuandika."

Mke wangu akamtazama. "Oveni gani, mama?"

"Hii aliyoiunda mumeo. Ya rafu mbili."

Mke wangu akanitazama mimi. Nilikuwa nimepata kazi ya haraka ya kukagua mguu mfupi wa kiti.

"Karibu uani," akasema.

Tukapita chini ya kamba ya nguo, mimi wa mwisho. Bi Kantini akaliona pipa, akausifu mpini, nami kwa ujinga nikasikia fahari. Akaufungua mlango wa bawaba. Kuku mwekundu akamtokea kwa mayowe, akampita karibu ya sikio, miwani ikaruka ikabaki inabembea kwenye mnyororo wake. Ndani kulikuwa na majani makavu, na juu ya majani yai moja, jipya. Yule kuku alikuwa ameamua kuniaibisha kwa ziada, au mwenzake alikuwa ameamua kumsaidia.

"Hii ndiyo oveni?" Bi Kantini akauliza.

"Ndiyo, mama," mke wangu akasema.

"Na keki imetoka humu?"

"Hapana. Keki imetoka kwenye ile." Akanyoosha kidole jikoni, ambako sufuria ilikuwa bado iko wazi, mchanga unapumua joto.

Bi Kantini akaingia, akachungulia, akatoka. "Ule ni mchanga!"

"Ndiyo."

"Umeoka keki kwenye mchanga?"

"Juu ya mchanga. Mchanga unabeba moto, keki imo kwenye sufuria yake. Havikutani."

"Na joto unalipima na nini?"

"Na mkono."

"Na ndugu zangu," nikaongeza, nikidhani nasaidia. Wote wawili walinitazama, nikarudi nyuma mpaka nikafunikwa na shuka la mtu.

"Mama, kosa ni langu," nikasema kutoka nyuma ya shuka. "Kuanzia asubuhi. Ukuta wa jirani..."

"Wewe nyamaza kwanza," akasema Bi Kantini. "Wewe umeniandikisha mayai kwenye daftari la keki." Akamgeukia mke wangu, na sauti ikapanda. "Binti yangu, mimi nina watu wanaokula kwangu kila siku. Wakiniuliza keki inaokwa wapi, niseme mchangani? Kantini ni kantini. Mimi nilishasema kwa kila mtu, nataka keki ya oveni! Waliotangulia walikuwa na oveni, wote wawili. Na wewe oveni unayo! Ya chuma, ya rafu mbili, imekaa hapo bila kosa lolote, unawaachia kuku, halafu unakwenda kuhangaika na mchanga kama watoto wanaocheza! Kwa nini? Nieleze, kwa nini nimwache mwenye oveni nimchukue mwenye mchanga?"

Alikuwa ananyoosha mkono wenye kisahani, kile kipande cha nne kikitetemeka juu yake, kimeshaumwa pembe moja. Sijui alikiuma saa ngapi. Nadhani hata yeye hakujua.

Mke wangu alijifuta ile mikono yake iliyopasuka kwenye nguo, upande huu na upande huu. Kisha akainama kwenye pipa langu, akatoa lile yai, likiwa bado na joto la kuku, akalikalisha kwenye kiganja kitupu cha Bi Kantini, akavifunga vidole vyake juu ya yai, kimoja kimoja, kwa adabu.

"Mama," akasema, "hicho cha mkono huu ndicho kinachotoka kwenye oveni. Cha mkono huo mwingine kimetoka kwenye mchanga. Wewe niambie tu, Ijumaa nikuletee kipi."